Kiigizi cha kwantamu kwenye chipu ya nuru: uchague silikoni, silikoni nitraidi, lithiamu niobeti au kioo?

Ukitaka kutengeneza kiigizi cha kwantamu kinachoendeshwa na nuru, kidogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole, utaulizwa mapema kabisa: chipu iwe ya nini? Majibu yanayotajwa zaidi ni manne: silikoni, silikoni nitraidi, lithiamu niobeti, na kioo kinachochorwa kwa leza. Nitayapitia yote. Ila lipo swali linalotangulia, na wengi huliruka: je, fotoni zako, yaani chembe za nuru, zitasafiri kutoka mfereji hadi mfereji (njia nyembamba za kupitishia nuru), au kutoka rangi hadi rangi ndani ya pete moja? Ukishalijibu hilo, sehemu kubwa ya uchaguzi wa malighafi inakuwa imekwisha.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Mwaka 1981 Richard Feynman alieleza kwamba kompyuta za kawaida huelemewa zinapojaribu kufuata mwenendo wa maumbile, kwa kuwa maumbile yanafuata kanuni za kwantamu. Hivyo akapendekeza tuyaige kwa vyombo vinavyofuata kanuni hizohizo. Kiigizi hakilazimiki kuwa kompyuta ya kila kazi. Ni mfumo unaoweza kuudhibiti, ambao hesabu zake zinafanana na za mfumo mwingine usioweza kuushika: elektroni zinazohama ndani ya fuwele, au atomi zinazotikisika ndani ya molekuli. Fotoni zinafaa kwa kazi hii kwa sababu hazisumbuliwi sana na mazingira, na chipu yake hufanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Udhaifu wake ni mambo mawili. Fotoni mbili zikikutana hazisukumani kama elektroni, na fotoni ikipotea njiani huwezi kuinakili ili kuifidia. Hilo la pili ndilo litakalotawala ulinganisho huu.

Mifereji mingi au pete moja

Njia ya mifereji ndiyo yenye historia ndefu. Mwaka 2008 kikundi cha Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kilionyesha saketi za kwantamu ndani ya mifereji ya silika iliyotandikwa juu ya silikoni. Miaka miwili baadaye Alberto Peruzzo na wenzake walizitembeza fotoni mbili katika mifereji 21 iliyolala sambamba, karibu kiasi kwamba nuru ilivuja kutoka mmoja hadi wa jirani. Mwaka 2015 Bristol, wakishirikiana na kampuni ya mawasiliano ya NTT ya Japani, walikuja na chipu ya njia 6 inayoweza kupangwa upya kwa programu: intaferomita 15 (vipande vinavyoigawa nuru na kuikutanisha tena), hita 30 za kugeuza awamu, yaani hatua ambayo wimbi la nuru limefikia katika mzunguko wake. Chipu za aina hiyo ndizo zilizotumika mwaka 2018 kuiga mitikisiko ya molekuli.

Uzuri wa mifereji ni kwamba unaweza kuamuru kila kiungo kivyake. Nadharia ya mwaka 1994 ya Michael Reck na wenzake, iliyoboreshwa mwaka 2016 na William Clements na wenzake, inaonyesha kwamba mchanganyiko wowote wa njia N unapatikana kwa intaferomita N(N−1)/2. Tatizo limejificha humohumo kwenye fomula. Njia 6 zinataka intaferomita 15. Njia 12 zinataka 66. Ukifika njia 20 ni 190, na ukitamani njia 100 unatafuta 4,950, kila moja ikiwa na hita mbili za kurekebishwa, kila hita ikiwa na waya wake. Chipu inakuwa ndogo, lakini kuizunguka kunakuwa na msitu wa nyaya na vyanzo vya umeme.

Njia ya pili inaubana ulimwengu wote ndani ya pete moja ya nuru. Pete hukubali masafa fulani tu, yaliyopangika kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Kila jino unalihesabu kuwa ni kituo kimoja cha fuwele unayoiiga. Kisha unaitikisa pete kwa mawimbi ya umeme ambayo masafa yake yanalingana na nafasi kati ya meno. Hapo fotoni hupata nafasi ya kuruka kutoka jino moja hadi la jirani, juu au chini. Hiyo ndiyo fuwele, ila imejengwa kwa rangi badala ya mifereji. Ukiongeza wimbi lenye masafa mara mbili, fotoni inaruka vituo viwili kwa mkupuo. Ukibadilisha awamu ya mawimbi hayo, fotoni zinafanya mambo ambayo elektroni hufanya zikiwa ndani ya uga wa sumaku, ingawa fotoni hazina chaji.

Mwaka 2023 maabara ya Qiang Lin katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, ilitangaza katika jarida la Nature Photonics kazi ya Usman Javid na wenzake iliyofanya hivyo kwa jozi za fotoni zilizofungamana (vipimo vya moja vinahusiana na vya mwenzake kwa namna ya kwantamu), kwenye chipu ya lithiamu niobeti. Chuo hichohicho ndicho ambako mwaka 1987 Hong, Ou na Mandel walionyesha kwamba fotoni mbili zinazofanana zikiingia pande mbili za kigawanya nuru kwa wakati mmoja hutoka pamoja upande mmoja. Kila kiigizi ninachokitaja hapa kinachotumia fotoni zaidi ya moja kinaegemea tabia hiyo.

Pete nayo ina masharti yake. Nafasi kati ya meno inaamuliwa na urefu wa mzunguko. Pete ya lithiamu niobeti yenye mzunguko wa milimita 1 ina nafasi ya takriban gigahezi 130, na kuzalisha na kupitisha umeme wa masafa hayo ni kazi ngumu na ya gharama. Ukitaka gigahezi 10, ambayo vifaa vyake vimezoeleka katika mawasiliano, mzunguko unafika kama milimita 13. Basi unaukunja uwe mrefu na mwembamba kama uwanja wa mbio. Hapo ndipo watu wanapofurahi mapema, wakasahau upande wa kupima. Meno yaliyoachana kwa gigahezi 10 hayatenganishwi na vichujio vya kawaida vya mawasiliano ya faiba, ambavyo vingi vimepangwa kwa gigahezi 50 au 100. Itabidi utafute kichujio chembamba zaidi, na mara nyingi utapima jino moja baada ya jingine huku fotoni zilizoangukia meno mengine zikitupwa. Kabla ya kuamua nafasi ya meno, anza na kichujio utakachoweza kukipata.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili hauna kigugumizi. Kama unachoiga ni fuwele au mnyororo ambao kila kituo kinafanana na jirani yake, nenda kwenye pete: utaokoa mamia ya vipande. Kama kila kiungo ni tofauti, mathalani molekuli fulani au grafu (mtandao wa nukta na viunganisho) isiyo na mpangilio, nenda kwenye mifereji, maana kuilazimisha pete ifanye hivyo kutakugharimu mawimbi mengi ya umeme hadi udogo wake ukose maana.

Hesabu ya fotoni zinazofika

Kabla ya kulinganisha malighafi, tufanye hesabu moja hadi mwisho. Namba ni za mfano, lakini ziko katika viwango vya kawaida.

Chukua chipu ya mifereji yenye vyanzo vinne vya jozi za fotoni. Vyanzo hivi hubahatisha: kila mpigo wa leza una uwezekano mdogo wa kutoa jozi, na ukiuongeza sana unaanza kupata jozi mbili kwa pamoja zinazoharibu matokeo. Tuseme uwezekano ni asilimia 5. Vyanzo vyote vinne vitafyatua pamoja mara 6.25 katika kila mipigo milioni. Leza ikipiga mara milioni 100 kwa sekunde, unapata matukio 625 ya fotoni nane kila sekunde, kabla hazijaanza safari.

Sasa zisafiri. Mifereji ya kawaida ya silikoni hupoteza takriban desibeli 2 kwa sentimita (desibeli ni kipimo cha upotevu: 3 ni kupoteza nusu ya nuru, 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi). Safari ya sentimita 2 ni desibeli 4. Ongeza desibeli 3 za kutoka kwenye chipu, kuingia kwenye faiba na kutambuliwa. Jumla desibeli 7, maana yake kila fotoni ina nafasi ya moja kwa tano ya kufika. Zote nane zifike? Moja kwa tano ikizidishwa yenyewe mara nane. Yale matukio 625 kwa sekunde yanabaki tukio moja kila dakika kumi na kidogo.

Weka silikoni nitraidi mahali pake. Vipande vyake ni vikubwa zaidi, basi safari tuiweke sentimita 10, lakini upotevu ni desibeli 0.1 kwa sentimita. Ni desibeli 1 kwenye chipu, na zilezile 3 za kutokea: jumla 4. Kila fotoni inafika mara mbili kwa kila tano, na fotoni nane zinafika pamoja takriban kila sekunde mbili na nusu. Tofauti ya desibeli 3 tu imekuwa tofauti ya takriban mara 250. Data ambayo chipu moja inaikusanya kwa saa moja, nyingine itaihitaji siku kumi na zaidi, usiku na mchana, huku joto la chumba likipanda na kushuka na awamu zikihama.

Ndiyo maana tangazo linalosifia idadi ya vipande kwenye chipu pekee halinisisimui. Mtu anayeuza au kupendekeza chipu ya nuru akupe kwanza upotevu kutoka chanzo hadi kitambuzi.

Silikoni

Hata hivyo, silikoni isidharauliwe. Kipeo chake cha kupinda nuru, karibu 3.5, kinaiwezesha mifereji kukata kona za mikromita chache bila nuru kumwagika, na viwanda vya elektroniki vinaijua tangu zamani. Mwaka 2018 Bristol, Chuo Kikuu cha Peking na washirika wao walipanga vipande zaidi ya 550 kwenye chipu moja ya silikoni, vikiwemo vyanzo 16 vya fotoni. Vyanzo hivyo ni mifereji mirefu iliyozungushwa tu, hakuna malighafi ya ziada. Hita zake pia hazili umeme mwingi, kwa sababu kipeo cha silikoni hubadilika sana kwa joto kidogo.

Inakoangukia ni sehemu tatu. Upotevu tumeuona. Pili, katika nanomita 1,550, urefu wa wimbi unaotumika kwenye faiba, silikoni humeza fotoni za leza mbilimbili kwa pamoja, hivyo huwezi kuongeza nguvu ya leza upendavyo. Tatu, leza ya kuchochea ina rangi iliyo jirani sana na fotoni inazozaa, na inazizidi kwa wingi usiomithilika. Kuichuja kunataka kama desibeli 100 za kuzuia, na kila kichujio unachoongeza kinakula na fotoni zako.

Ningeichagua silikoni kwa kiigizi cha fotoni mbili hadi nne chenye vipande vingi, hasa ikiwa lengo ni kujifunza kubuni na kudhibiti saketi kubwa.

Silikoni nitraidi

Hii ndiyo farasi wa kazi kwa mifereji inayopangwa upya. Kampuni ya QuiX Quantum ya Enschede, Uholanzi, ilionyesha kichakataji cha njia 12 kikifuatiwa na cha njia 20 kwa malighafi hii. Kampuni ya Xanadu ya Toronto nayo ilichapisha mwaka 2021 matokeo ya chipu ya njia 8 inayotoa nuru iliyobanwa kwa namna ya kwantamu (yaani yenye kelele ndogo kuliko kawaida katika kipimo kimoja), na kuitumia kwenye maswali ya mitikisiko ya molekuli na kufanana kwa grafu. Kwenye nanomita 1,550 haina ule ugonjwa wa kumeza fotoni mbilimbili.

Bei unayolipa ni joto. Kipeo chake hubadilika na joto kwa kiasi cha chini kama mara saba kuliko cha silikoni, hivyo hita zake zinataka umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile. Saketi ya njia 12 ina hita zaidi ya mia moja; zikiwaka pamoja, chipu inahitaji mfumo wa kuipoza, na joto la hita moja linasogeza awamu ya jirani yake. Utatumia muda mrefu kusawazisha kuliko kupima. Pia haina uwezo wa asili wa kugeuza nuru kwa umeme peke yake, kwa hiyo mbinu ya pete inayotikiswa kwa gigahezi hapa haikai vizuri.

Lithiamu niobeti

Kwa pete, sioni mpinzani. Fuwele hii hubadilisha kipeo chake papo hapo ikiguswa na uga wa umeme, bila kungoja joto. Mwaka 2018 maabara ya Marko Lončar ya Chuo Kikuu cha Harvard ilionyesha vigeuza nuru vya utando mwembamba wa lithiamu niobeti vinavyofanya kazi kwa volti ndogo za saketi za elektroniki na kufika masafa ya gigahezi 100. Fuwele hiyohiyo inazaa jozi za fotoni kwa kuipasua fotoni moja ya nanomita 775 ziwe mbili za karibu na 1,550. Leza ya kuchochea inakuwa na rangi ya mbali kabisa na fotoni zako, na shida ile ya kuchuja inapungua sana. Chanzo, fuwele ya kuigiza na kitikisio vinakaa mahali pamoja. Upotevu nao umeshuka: maabara kadhaa zimefika chini ya desibeli 0.1 kwa sentimita.

Mambo matatu ya kuyajua kabla hujatoa fedha. Kuichonga ni kugumu kuliko silikoni, na kingo za mifereji hutoka zimeinama. Viwanda vingi vya silikoni havitaki lithiamu ikaribie mashine zao kwa kuogopa uchafuzi, hivyo wanaoitengeneza si wengi. Na ukiipa volti isiyobadilika kwa muda mrefu, awamu huhama polepole; watu wengi huweka hita kwa marekebisho ya taratibu na kuuacha umeme ufanye yale ya haraka.

Kioo

Hapa leza ya mipigo mifupi mno inachora mifereji ndani ya kipande cha kioo. Hakuna haja ya kiwanda wala barakoa za kuchapia. Mchoro mpya unaweza kupatikana kwa saa chache. Faida isiyopatikana kwa wengine ni kwamba mifereji inaweza kupanda na kushuka ndani ya kioo, si kulala tambarare tu. Mwaka 2018 kikundi cha Xian-Min Jin cha Shanghai Jiao Tong kilitembeza fotoni mojamoja katika kimia cha hadi vituo 49 kwa 49. Kuunganisha na faiba ni rahisi na hakupotezi nuru nyingi. Lakini kona zake zinahitaji nafasi kubwa, na mara umeshachora, umechora: kupanga upya ni kwa kiasi kidogo sana. Kwa jaribio moja lenye swali moja, na kwa bajeti ndogo, ningeanzia hapa.

Udogo unaishia wapi

Chipu ni ndogo. Kifaa kizima mara nyingi si kidogo. Vitambuzi bora vya fotoni ni nyaya nyembamba za superkondakta (malighafi inayopitisha umeme bila ukinzani ikiwa kwenye baridi kali), zinazokamata fotoni zaidi ya 90 katika kila 100, lakini zinaishi kwenye baridi ya kelvini chache tu. Hiyo ni friji ya heli yenye kompresa inayonguruma saa zote. Vitambuzi vya indiamu galiamu asenaidi havihitaji friji hiyo, ila vingi hukamata kati ya fotoni 10 na 25 katika 100, na hutoa kelele zaidi.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kitambuzi cha asilimia 20 kinaua kabisa jaribio la fotoni nane. Kwa fotoni mbili, bado unabakiwa na asilimia 4 ya jozi, na vyanzo vya jozi ni vingi wa kutosha kuifanya data ikusanyike kwa muda unaovumilika. Kwa hiyo idara ya fizikia isiyo na friji ya heli, iwe Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko, isitamani fotoni nane. Ichukue kiigizi cha fotoni mbili, cha pete au cha kioo, na iulize maswali ambayo fotoni mbili zinaweza kuyajibu vizuri. Nayo si machache: matembezi ya kwantamu (jinsi fotoni zinavyosambaa kutoka kituo hadi kituo), athari za uga wa sumaku wa kuigiza, na kingo za fuwele ambako nuru husafiri upande mmoja bila kurudishwa nyuma.

Tena usiinunue chipu ukitarajia kuishinda laptopu yako. Fotoni nane katika njia 12 zina namna 75,582 za kutoka, na laptopu ya kawaida inazimaliza zote. Mashine za nuru zilizodai kuzipita kompyuta hazikuwa chipu moja ya kidole: Jiuzhang ya Hefei, China, mwaka 2020 ilijaa meza ya vioo, na Borealis ya Xanadu mwaka 2022 ilitegemea mizunguko ya faiba kwa njia zake 216. Chipu inayotoshea kiganjani leo inanunuliwa ili kuthibitisha mbinu, kufundisha watu na kupunguza upotevu.

Kuipata

Huhitaji kumiliki kiwanda. Wapo wanaochapa michoro ya wateja wengi kwenye sahani moja ya silikoni na kugawana gharama, kama wafanyabiashara wanaochangia kontena moja kutoka Guangzhou. CORNERSTONE ya Southampton, imec ya Ubelgiji na AIM Photonics ya New York hufanya hivyo kwa silikoni; Ligentec ya Uswisi na LioniX ya Enschede kwa silikoni nitraidi. Subira ni ya miezi, na mzunguko ukikupita unangoja unaofuata. Kwa hiyo mchoro uwe umepimwa kwenye kompyuta kwanza. Programu za Strawberry Fields ya Xanadu na Perceval ya Quandela, kampuni ya Ufaransa, ni za bure na zinaendeshwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Unapojenga saketi yako humo, weka upotevu tangu mwanzo. Wapo wanaofanya kazi nzima kwa mifereji isiyopoteza chochote, halafu wanashangaa chipu inapofika.

Na siku ya kuandikiana na kiwanda, omba kwa maandishi namba hizi: upotevu kwa sentimita kwenye mifereji iliyopimwa na si kwenye maelezo ya bidhaa, upotevu wa kila mwingilio wa faiba, umeme unaotumika kugeuza awamu nusu mzunguko, na kiasi ambacho hita moja inaisumbua ya jirani. Kwa lithiamu niobeti, ongeza swali la awamu inahama kiasi gani kwa saa ukiiachia volti moja.